Mchanga wa Kwale na Haki ya Kuulizwa

Mgeni ashukaye Diani aghalabu haujui mchanga wa Kwale ila ule mweupe wa ufuoni, uliosagwa na bahari kutokana na matumbawe, na ambao kwa ajili yake mahoteli yalijengwa na ndege za watalii zikatua Ukunda. Lakini mtu akiiacha barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga, akapanda kuelekea bara kiasi cha kilomita kumi, akipita katikati ya minazi na mikanju ya Msambweni, atafika Maumba na Nguluku, ambako mchanga ni mwekundu na mzito. Ukiutwaa kiganja kimoja, ukautia katika sinia yenye maji na kuitikisa polepole, udongo mwepesi hutiririka pamoja na maji, na chini husalia chembe nyeusi zing'aazo juani, ambazo hazikubali kuchukuliwa na maji kwa sababu ya uzito wake. Hizo ni ilmenaiti na rutaili, zenye titani ndani yake, pamoja na zirkoni. Na kutokana na titani hupatikana ule unga mweupe unaotiwa katika rangi za kupaka nyumba, katika karatasi na hata katika dawa ya meno. Chembe hizo ndizo zilizoileta Kanada katika barabara za udongo za Msambweni, na ndizo zilizowafanya wakulima wa huku na waandishi wa huko wapiganie jambo moja bila ya wengi wao kuonana uso kwa uso.

Kampuni iliyokuja, katikati ya miaka ya 1990, iliitwa Tiomin Resources, nayo makao yake yalikuwa Toronto. Pengine msomaji atauliza kwa nini kampuni itoke Toronto, mahali pasipo bandari ya bahari wala mazoea na pwani yetu. Jawabu ni kwamba Kanada, ambayo yenyewe ni nchi ya migodi, imejenga katika mji ule soko la hisa ambalo limekuwa kwa muda mrefu ndilo soko kubwa kabisa duniani la kampuni za kutafuta madini. Sheria zake na kodi zake zimepangwa kwa namna ya kumvutia mtu mwenye akiba ndogo aitie katika utafutaji wa dhahabu ya Tanzania, shaba ya Kongo au mchanga wa Kwale, hali yeye mwenyewe hajapata kuiona ardhi hiyo wala hatarajii kuiona. Kwa hiyo hatima ya mwembe wa mkulima wa Nguluku ikawa imefungamana na bei ya hisa inayopanda na kushuka ng'ambo ya bahari mbili.

Sheria iliyotawala jambo hilo hapa Kenya ilikuwa ile ya madini ya mwaka 1940, iliyotungwa na serikali ya kikoloni, na ambayo baada ya uhuru iliachwa kama ilivyokuwa, isipokuwa pale palipotajwa mfalme pakatajwa serikali. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mali yote iliyo chini ya ardhi ilikuwa ya dola. Mwenye shamba alikuwa na haki ya kulipwa fidia ya kile kilichoharibiwa juu, lakini hakuwa na haki ya kusema hapana, wala hakuwa na fungu katika kile kilichotolewa chini. Fidia ya kwanza iliyotajwa katika mabaraza ilikuwa takriban shilingi 9,000 kwa ekari, na kodi ya takriban shilingi 2,000 kwa ekari kila mwaka, na ijapokuwa baadaye kiwango hicho kilipandishwa, ni hesabu ile ya kwanza iliyowachoma watu nyoyo. Maana mkulima wa Kwale hahesabu shamba lake kwa ekari peke yake. Huhesabu minazi, kwa kuwa mnazi mmoja ni makuti ya kuezekea, ni nazi ya kitoweo, ni tembo la kugemwa, ni ada ya shule; huhesabu mikanju na miembe iliyopandwa na babu zake; huhesabu mibiksa ambayo mbegu zake nyekundu hupelekwa kiwandani Ukunda; na mwisho huhesabu makaburi, ambayo hayana bei katika daftari la mthamini yeyote.

Mimi naamini, na nitasema wazi, kwamba kiini cha ugomvi ule kilikuwa swali la nani anayeulizwa kabla ya uamuzi kutolewa, na kwamba fedha zilikuja nyuma yake. Wakulima walikuwa wakielezwa yatakayotendeka, hawakuwa wakishauriwa. Ripoti ya athari za mazingira ambayo kampuni iliitoa mwaka 2000 ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na watu ambao maji yao, mavumbi yao na nyumba zao zilikuwa zikijadiliwa ndani yake hawakuweza kuisoma. Wasomi wa vyuo vikuu vya Kenya waliifanyia uchunguzi wao wenyewe na kuuliza habari za mnunurisho wa baadhi ya madini mazito, habari za maji yatakayotekwa, na habari za Shimoni, ambako kampuni ilikusudia hapo awali kujenga gati ya kupakilia meli, karibu na Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, penye matumbawe na pomboo na riziki ya wavuvi. Shauri la Shimoni liliachwa baadaye, na madini yalipokuja kusafirishwa yalipitia Likoni. Watu wa Wasini wangali wanavua samaki mahali ambapo gati ile ingesimama, jambo ambalo haliandikwi katika hesabu za faida na hasara za mradi wowote.

Mwaka 2001 baadhi ya wakulima walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Waliitegemea sheria mpya kabisa, ile ya usimamizi na uratibu wa mazingira ya mwaka 1999, ambayo ilikuwa imeanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2000, na ambayo ilikuwa na mambo mawili yasiyokuwako zamani: kwanza, kwamba mradi wa aina hii haufai kuanza kabla ya kupata leseni baada ya tathmini ya athari za mazingira, na pili, kwamba mtu aweza kufungua kesi ya kuyahami mazingira bila ya kulazimika kuthibitisha kuwa yeye binafsi amekwisha kupata hasara. Jaji Andrew Hayanga aliwakubalia, akatoa amri ya kuzuia kazi. Leo amri za namna hiyo zimekuwa jambo la kawaida. Wakati ule mkulima wa Msambweni kuisimamisha kampuni iliyoungwa mkono na mawaziri lilikuwa jambo ambalo wazee walilizungumza vibarazani kwa mshangao. Amri haikuuzima mradi. Kibali cha mazingira kilitolewa baadaye, na mwaka 2004 serikali ikaipa kampuni mkataba maalumu wa uchimbaji wa miaka 21.

Sasa na tuvuke bahari. Katika siku hizohizo, huko Kanada kulikuwa na kundi la waandishi, wanauchumi, watu wa vyama vya wafanyakazi na watu wa makanisa ambao walikuwa wakiiuliza nchi yao maswali makali. Hawa hawakuzuka ghafula. Wana nasaba yao, inayorudi nyuma hadi kwenye wakulima wa ngano wa Saskatchewan waliofilisika katika mdororo wa miaka ya 1930, ambao chama chao kilikutana Regina mwaka 1933 na kutoa azimio la uchumi wa kuwatumikia watu. Kutokana na chama hicho akatoka Tommy Douglas, aliyeliongoza jimbo lile kuanzia mwaka 1944, na ambaye serikali ya chama chake ilianzisha bima ya matibabu ya umma mwaka 1962, ingawa madaktari waligoma kwa siku 23 kuipinga. Jarida lao la Canadian Dimension lilianzishwa mwaka 1963. Naomi Klein, mzaliwa wa Montreal, aliyepata umaarufu kwa kitabu chake No Logo wakati wa maandamano makubwa ya Seattle ya mwaka 1999, ni wa nasaba hiyo. Na mwaka huo wa 1999 ndipo lilipoanzishwa Ottawa shirika la MiningWatch Canada, kwa kazi moja mahsusi: kuzifuatilia kampuni za madini za Kanada, nyumbani na ugenini. Kwale ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo shirika hilo lilipafuatilia.

Jambo ninalowastahi watu hawa kwalo ni kwamba walianza na nyumba yao. Ni rahisi mno kwa mwandishi wa nchi tajiri kuilaumu serikali ya Nairobi au ya Dodoma kwa rushwa na uzembe, na lawama hiyo mara nyingi ina haki. Lakini wao waliuliza ni kwa nini kodi ya Mkanada, fedha za pensheni ya Mkanada na mabalozi wa Kanada vitumike kuihami kampuni ambayo ikitenda nyumbani inayoyatenda ugenini ingeshitakiwa. Hawakupata malipo mema kwa kuuliza hivyo. Mwaka 2008 Alain Deneault na wenzake wawili walitoa kwa Kifaransa kitabu kiitwacho Noir Canada, kilichokusanya tuhuma dhidi ya kampuni za Kanada katika Afrika, zikiwamo zile za Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 na kampuni iliyomilikiwa wakati huo na Sutton Resources ya Vancouver, kabla ya mgodi ule kununuliwa na Barrick, na ambako palikuwa na madai mazito ya watu kufukiwa, madai ambayo kampuni na serikali ya Tanzania waliyakanusha. Barrick iliwadai waandishi na mchapishaji wao dola milioni 6 za Kanada, na Banro, iliyokuwa ikitafuta dhahabu Kivu ya Kusini, ikawadai milioni 5. Mchapishaji alikuwa shirika dogo. Mwaka 2011 walisuluhishana na Barrick na kitabu kikaondolewa sokoni. Lakini kelele zilizozuka kwa ajili ya kesi hizo zilichangia Quebec kutunga, mwaka 2009, sheria ya kuwakinga watu dhidi ya mashitaka yenye nia ya kuwanyamazisha.

Bungeni nako walijaribu. Mbunge John McKay alileta mswada uliojulikana kwa nambari yake, C-300, uliotaka kampuni ya madini inayovunja haki za watu ugenini inyimwe msaada wa serikali. Tarehe 27 Oktoba 2010 mswada huo ulishindwa kwa kura 140 dhidi ya 134. Kura sita! Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, kwamba wabunge wachache waliobaki nje ya ukumbi siku ile wangeweza kuwapa watu wa Kwale, wa Bulyanhulu na wa Kivu mlango wa kubisha katika nchi ambako faida inakwenda. Mahakama zao zimekwenda huku na huko tangu hapo: mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada iliwaruhusu Waeritrea waliodai kulazimishwa kufanya kazi katika mgodi wa Bisha waendelee na kesi yao dhidi ya kampuni ya Nevsun, lakini mwaka 2024 mahakama ya Ontario iliwaambia wanavijiji wa North Mara, Tanzania, kwamba malalamiko yao dhidi ya Barrick hayana mahali pa kusikilizwa pale.

Lakini somo kubwa kuliko yote ambalo Kanada ingeweza kutupa halikutoka kwa wanasiasa wala kwa waandishi. Lilitoka kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, watu waliokuwapo kabla ya Mwingereza na Mfaransa, ambao walinyang'anywa ardhi kwa mikataba na bila mikataba. Taifa la Haida, linaloishi katika visiwa vya pwani ya magharibi, lilishitaki kwa ajili ya miti yake iliyokuwa ikikatwa kwa vibali ambavyo wao hawakuulizwa, na Mahakama ya Juu ikaamua kwamba serikali ina wajibu wa kuwashauri wenyeji hata kabla ya haki yao juu ya ardhi kuthibitishwa mahakamani. Hukumu hiyo ilitolewa mwaka 2004. Msomaji ataukumbuka mwaka huo: ndio mwaka ambao kampuni ya Toronto ilipewa miaka 21 ya Maumba na Nguluku. Haki ambayo Mhaida aliipata kutoka mahakama ya Ottawa, mkulima wa Kwale hakuwa nayo alipokuja kukabiliana na kampuni ya nchi hiyohiyo. Na huko kwenyewe haki hiyo haikuwa imekamilika, kwani mwishoni mwa mwaka 2012 wanawake wanne wa Saskatchewan walianzisha harakati ya Idle No More, ambayo kwa ngoma na dansi za duara iliingia madukani na barabarani kote nchini, wakipinga sheria iliyolegeza ulinzi wa mito na maziwa bila ya wao kushauriwa.

Yafaa hapa niseme neno ambalo marafiki wetu wa Kanada pengine hawakulieleza vya kutosha. Katika maandishi yao watu wa Kwale huonekana kama umma mmoja wenye kauli moja, na haikuwa hivyo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kimefungwa mwaka 1988, kikaacha mashamba yakimea magugu na vijana wakizurura Msambweni bila kazi. Mwaka 1997 vurugu za Likoni zikaja zikawafukuza watalii wa Diani. Kijana aliyeikubali kampuni hakuwa msaliti, na mama aliyepokea fidia akahamia Bwiti hakuwa mpumbavu. Walikuwa watu waliopima njaa ya leo na wasiwasi wa kesho. Waliohamia Bwiti, upande wa Lunga Lunga, walikuta ardhi kavu kuliko waliyoiacha, na shida ya maji iliwaandama; jamaa waliobaki wakatazamana na jamaa waliokwenda kwa uchungu ambao haujaisha hata sasa. Mwandishi anayeupenda umma hana budi kuuonyesha hata unapogombana wenyewe kwa wenyewe, maana ugomvi ule nao ulikuwa sehemu ya gharama ya mradi.

Tiomin haikuchimba hata tani moja ya kuuza. Kesi, ucheleweshaji na upungufu wa fedha viliikwamisha. Kampuni ya Kichina ya Jinchuan ilikaribia kutia mtaji kisha ikajitoa. Na mwaka 2010 mradi ukauzwa kwa Base Resources ya Australia kwa dola milioni 3 za Marekani, ambayo ni bei ndogo mno ukilinganisha na yaliyofuata. Waaustralia walilijenga bwawa la Mukurumudzi, wakaanza uzalishaji mwishoni mwa mwaka 2013, na meli ya kwanza ikaondoka Likoni mapema mwaka 2014. Kwa muda wa miaka kumi na moja mchanga ule ulikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote ya Kenya. Kulikuwa na ajira, zahanati, shule, na miche iliyogawiwa wakulima, nami sitakuwa mwenye insafu nisipoyataja. Ila ilipokuja sheria mpya ya madini ya mwaka 2016, iliyoipa hatimaye jamii inayochimbiwa asilimia 10 ya mrabaha, kaunti asilimia 20 na serikali kuu asilimia 70, miaka ilipita na ile asilimia 10 ikawa ni neno la mabarazani tu. Desemba 2024 mashine zilinyamaza. Mgodi ulikuwa umekwisha, hali madai ya mrabaha yangali hai.

Kuna Mkanada wa pili katika habari hii, ambaye watu wengi wamemsahau. Kusini zaidi, karibu na Lunga Lunga, ndipo ulipo mlima Mrima, ambao ni kaya ya Wadigo, msitu wa mizimu na dawa na viapo, uliotangazwa kuwa hifadhi na pia kumbukumbu ya taifa. Na chini ya msitu huo mna niobi na madini adimu yanayotafutwa kwa ajili ya vyombo vya umeme na vya elektroniki. Kampuni ya Cortec, ambayo nyuma yake ilikuwapo Pacific Wildcat Resources ya Vancouver, ilipewa leseni ya kuchimba Mrima mwezi Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, na waziri Najib Balala akaifuta mwezi Agosti mwaka huohuo. Cortec ikaipeleka Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la uwekezaji la Benki ya Dunia, ikidai karibu dola bilioni 2.

Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa Ian Binnie, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya Kanada, mmoja wa wale walioketi katika kesi ya Haida, na ambaye mwaka 2005 aliandika mwenyewe hukumu iliyoilaumu serikali ya Kanada kwa kuidhinisha barabara katika ardhi ya Wacree wa Mikisew bila ya kuwashauri ipasavyo. Mwezi Oktoba 2018 yeye na wenzake wawili waliitupa kesi ya Cortec, kwa hoja kwamba leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, maana kampuni haikuwa imepata kibali cha tathmini ya mazingira wala idhini ya kuchimba katika msitu uliohifadhiwa. Jaribio la kuibatilisha hukumu hiyo lilishindwa mwaka 2021. Sharti lililowaangusha Cortec ni lilelile ambalo wakulima wa Msambweni walilishika mbele ya Jaji Hayanga mwaka 2001, lilipokuwa bado jipya na mawakili wengi hawajalizoea. Kama wao wasingalikwenda mahakamani wakati ule kulitia nguvu, sina hakika kwamba lingalisimama imara hivyo dhidi ya mabilioni.

Mrima sasa unatazamwa tena. Mataifa makubwa yanashindania madini adimu, na mwaka 2025 kampuni za Australia, RareX na Iluka, zilitangaza kuungana ili ziombe nafasi ya mlima ule. Wengine nao wananyemelea. Sheria ya mwaka 2016 inataka pawe na mkataba wa maendeleo kati ya kampuni na jamii. Nataka mkataba huo, ikiwa utakuwapo, uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwa Kidigo, kifungu baada ya kifungu, mbele ya wazee wa kaya na wanawake wanaoteka maji chini ya mlima, kabla ya mpimaji wa kwanza kufunga kamba yake mtini. Nataka hesabu ya ile asilimia 10 ya Maumba na Nguluku ilipwe na kubandikwa katika ofisi ya chifu kabla ya mtu yeyote kuahidiwa asilimia nyingine. Na nataka jawabu la hapana, likitoka katika kikao hicho, liandikwe katika kumbukumbu zilezile na litiwe muhuri uleule ambao lingetiwa jawabu la ndiyo.